Kwa nini bibi mzee huigizwa kuwa mchawi?

Mwulizaji (Kadutu, Bukavu): Ndugu zangu, katika vichekesho tunavyotumiana kwa simu, mwanamke mzee ni yule yule: fimbo, macho mekundu, na mwishoni anafichuliwa kuwa mchawi. Kwa nini, ilhali mama yangu mkubwa, mwenye miaka 71, bado anapima unga sokoni bila kukosea hesabu?

Jibu: Macho hayo, kaka, ni moshi wa kuni na makala wa miaka mingi jikoni, mwigizaji hupaka rangi tu, lakini jirani mwenye macho kama hayo ndiye anayenyooshewa kidole.

Jibu: Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba nusu ya watu duniani wana fikra za kubagua wazee. Vijana nao huonewa: mkutanoni nikiomba neno, huambiwa, “Mtoto, ngoja wakubwa.”