Mrejesho: Mama na vidonge vya homoni

Ndugu zangu, niliuliza kama mama, miaka 68, tuko naye hapa Arua, aanze estrojeni, homoni ya kike, kwa sababu ya usahaulifu. Daktari amekataa. Kasema homoni hiyo ikishuka hedhi inapokoma, wanawake wengi husahausahau, na mara nyingi hali hutulia yenyewe. Kuianza baada ya 65 ili kulinda kumbukumbu ni habari nyingine kabisa: utafiti wa Marekani uitwao WHIMS, matokeo ya 2003, ulikuta waliomeza estrojeni pamoja na projestini (homoni nyingine) walipata dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, karibu mara mbili ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mimi hilo lilinitosha.

Wakampima sukari, tezi ya shingo, vitamini B12. Sawa. Presha ndiyo ilikuwa juu, na dawa mama alishaziacha zamani eti haumwi popote! Presha isiyotibiwa huumiza mishipa ya ubongo. Sasa anameza, namsimamia.

Bado anasahau sufuria jikoni, ingawa wadeni wake wa sokoni anawakumbuka wote. Mwezi ujao atapimwa kumbukumbu.

Dada aliyeuliza kuhusu joto la usiku akiwa na 50: kwa umri wako homoni zinaweza kufaa, kamwone daktari.