Mrejesho: hesabu ya kaboni ya mzigo wa Dar–Mwanza–Port Bell

Wakuu, niliuliza namna ya kupiga hesabu ya kaboni ya mzigo unaotoka Dar kwa treni mpaka Mwanza alafu unavuka Ziwa Victoria kwenda Port Bell, bandari ya Uganda, mteja wetu wa Ulaya anataka ripoti. Kipande cha ziwani kimekaa sawa. Mliosema niombe lita halisi za dizeli mbarikiwe sana, nikapata logi ya meli, injini kubwa pamoja na ile jenereta inayounguruma meli ikiwa gatini, kila lita ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, unajumlisha na kaboni ya kuchakata na kusafirisha hayo mafuta yenyewe, alafu unagawa kwa tani za mzigo mara kilomita ulizosafiri.

Shughuli ipo kwenye meli kurudi tupu! ISO 14083 ya 2023, kiwango cha kimataifa cha kuhesabu kaboni ya usafirishaji, inataka na safari tupu ihesabiwe, bosi akasema tuandike ya kwenda tu, nikakataa, moshi wa kurudi nao unaingia hewani. Namba imepanda ila ni ya kweli, na mteja kaipokea.

Bado dizeli ya kichwa cha treni, naifuatilia.