Mtungi wa hewa wa peintiboli: alumini 48/3000 au kaboni 68/4500?

Mkwaju_Diani
Wakuu, naomba ulinganisho kabla hatujatoa hela. Tunahitaji mitungi minane. Bunduki ni Tippmann 98 Custom sita na EMEK mbili. Mchezaji mmoja humaliza vidonge vya rangi 300 hadi 400 kabla ya mapumziko. Hewa tutajaziwa kwenye duka la wapiga mbizi, na wao hukomea bar 200. Tumebakiwa na chaguo mbili: alumini 48/3000, au kaboni 68/4500 ambayo bei yake ni zaidi ya mara mbili. Je, hiyo ya kaboni ina faida kwetu?

fundi_hewa
Jibu liko kwa kompresa, ile mashine ya duka ya kujazia hewa, kabla ya kufika kwa mtungi.

Namba ya kwanza ni ujazo wa ndani kwa inchi za ujazo, ya pili ni presha ya mwisho kwa psi. 48 ni lita 0.79, na 68 ni lita 1.11. Psi 3000 ni bar 207, psi 4500 ni bar 310. Ukizidisha lita kwa bar unapata hewa iliyomo. Mtungi wa 48/3000 ukijaa una lita kama 163, wa 68/4500 una lita 345. Lakini kompresa ya duka lenu inaishia bar 200, kwa hiyo wa alumini mtapata lita 158 na wa kaboni lita 222. Mnalipia bar 310 halafu mnabeba 200.

Kwa vidonge, makadirio ya haraka ni 10 kwa kila inchi ya ujazo kwenye 3000, na 15 kwenye 4500. Alumini inatoa kama 480. Kaboni iliyojaa ingetoa 1,020, ila kwa bar 200 ni kama 660. Matumizi yenu ni 400. Alumini inatosha, na chenji inabaki ya kununua vidonge.

Kasukuu
Naongezea: chukueni yenye regyuleta (kipunguza presha kwenye mdomo wa mtungi) ya presha ndogo, psi 450 badala ya 800. Inakamua mtungi hadi chini kabisa, kwa hiyo mnapata vidonge vingi zaidi kwa ujazo uleule.

fundi_hewa
Hapo hapana, Kasukuu. Regyuleta kazi yake ni kuzuia presha isizidi kiwango ilichopangiwa. Mtungi ukishuka chini ya kiwango hicho, vali yake inabaki wazi na hewa yote iliyobaki inapita. Ya 800 na ya 450 zinamaliza mtungi sawasawa. Kinachoamua mwisho wa mtungi ni bunduki. EMEK inafanya kazi ndani kwa psi 135 hivi, hivyo itaendelea kupiga hata geji ikiwa chini sana. Tippmann 98 haina regyuleta ya ndani, inategemea presha ya mtungi moja kwa moja. Ikikosa nguvu, kasi ya kidonge inaanguka na nyundo hairudi kujikoki.

Ndiyo maana hiyo 450 ni kosa kwa bunduki sita kati ya nane za Mkwaju. Tippmann inataka 800 au 850. EMEK inakubali zote, na ikilishwa presha ndogo regyuleta yake ya ndani haichoki upesi. Nunueni 800 zote ili mtungi wowote uingie bunduki yoyote. Kuchanganya ni kutafuta ugomvi saa tano asubuhi uwanjani.

BintiPwani
Uzito nao. Watu hudhani kaboni ni nyepesi na alumini ni nzito, wakasahau kwamba wanalinganisha ujazo tofauti. 48 ya alumini ina kilo 1.4 hivi na 68 ya kaboni haiko mbali, mara nyingi ni nyepesi kidogo. Kaboni ina ganda jembamba la alumini ndani, limezungushiwa nyuzi za kaboni, na juu yake tabaka la faiba ya kioo. Tofauti mkononi ni unene: 68 ni pana, na mwenye mikono mifupi bunduki inamkalia mbali na bega. Mkitaka kaboni kwa sababu ya umbo, angalieni 50/4500. Ni fupi na nyepesi kweli. Ila kwa bar 200 inabeba karibu sawa na 48 ya alumini, kwa hiyo mnalipia wepesi tu.

Na muda wa maisha. Mitungi yenye alama za DOT (idara ya uchukuzi) ya Marekani hupimwa kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 5. Ya alumini, ikifaulu, inaendelea. Ya kaboni ya aina hii kwa kawaida mwisho wake ni miaka 15 tangu tarehe ya kutengenezwa, ifaulu isifaulu. Kaboni ya mtumba yenye miaka 12 ni bei ya chuma chakavu, hata kama inang'aa.

Mkwaju_Diani
Kuna mtu ana mitungi ya alumini isiyo na regyuleta anaiuza bei poa, na mwingine ana regyuleta za 4500. Tukiunganisha?

Mzee_wa_Spana
Acha kabisa. Mtungi hupimwa kwa mara 5/3 ya presha yake: wa 3000 hupimwa kwa 5000, wa 4500 kwa 7500. Kwenye regyuleta kuna kidiski cha usalama upande wa presha kubwa, ambacho hupasuka na kumwaga hewa mtungi ukijazwa kupita kiasi. Cha 3000 hupasuka kwa 5000, cha 4500 kwa 7500. Ukiweka regyuleta ya 4500 kwenye alumini ya 3000, mtungi unakuwa mnyonge kuliko kidiski chake. Kinyume chake pia hakifai, kwa sababu geji na kidiski havikutengenezwa kwa 4500. Tena nyuzi za skrubu za shingoni si za aina moja: za Marekani ni 5/8-18, za Ulaya nyingi ni M18x1.5. Vipenyo vyake havilingani, kwa hiyo haziingiliani.

Kidiski kingine kiko upande wa presha ndogo, cha 1800 hivi. Kikipasuka ghafla usibadilishe tu ukaendelea. Maana yake regyuleta inavujisha ndani na presha ya kutoka inapanda. Sababu ya kawaida ni kiti cha vali kilichochakaa au uchafu ulioingia kupitia nipeli ya kujazia. Kifuniko cha nipeli ni cha shilingi chache, kifungeni kila wakati.

Mambo mengine yanayowasumbua watu:

Oringi (pete ya mpira ya kuzuia hewa) ya mdomoni, namba 015, hukatika kwa sababu mtu anafungua mtungi kwenye bunduki huku laini ina presha. Fungua taratibu mpaka pini ya mtungi irudi na kuziba hewa, piga risasi tupu mpaka bunduki inyamaze, ndipo umalizie. Nunua za yurethani zenye kipimo cha ugumu cha 90, na beba kumi.

Mafuta na grisi visikaribie nipeli ya kujazia. Hewa ikiingia kwa kishindo hupata joto, na mafuta ndani ya presha hiyo huweza kuwaka. Na mtungi ni wa hewa tu, usijaze oksijeni.

Alumini isipelekwe kupakwa rangi ya kuokwa kwenye tanuri, joto huilegeza. Kaboni isipakwe vimumunyisho vya rangi, na ukiona nyuzi zimekatika au zimefumuka, mtungi unakwenda kukaguliwa kabla ya kujazwa tena.

Usiumalize mtungi hadi sifuri. Acha psi 200, unyevu usiingie.

Kasukuu
Sawa, hoja ya 450 naiondoa. Na kama duka la mbizi liko mbali, si wanunue mtungi mmoja wa mbizi wajazie uwanjani?

fundi_hewa
Inawezekana, ila fanya hesabu kwanza. Mtungi wa alumini wa mbizi wa lita 11.1 ukiwa na bar 207, ukijaza mitungi ya 48 inayorudi ikiwa na bar 20, wa kwanza unapata 195, wa pili 183, wa tatu 172, wa nne 162. Ya 68 inashuka haraka zaidi: 190, 174, 160. Kwa mitungi minane mnahitaji miwili ya mbizi. Mwanzie ule wenye presha ndogo, mmalizie kwa ule wenye presha kubwa. Mkifanya kinyume mnapoteza.

Jazeni polepole, nusu dakika au zaidi kwa mtungi. Ukijaza kwa pupa mtungi unapata joto. Ukifika nyuzi joto 60 na geji ikasoma 3000, ukipoa hadi 25 unabaki na kama 2700. Watu wanadhani unavuja.

BintiPwani
Atakayekuja na wazo la CO2 nimjibu mapema: EMEK ni ya hewa tu. Tippmann inaila, lakini presha ya CO2 hufuata joto. Kwa nyuzi 20 ni bar 57, kwa sifuri ni bar 35, na juu ya nyuzi 31 haibaki kimiminika tena, presha inakwea tu. Ndani ya gari lililofungwa pale Ukunda mchana, mtungi uliojazwa kupita uzito wake ni hatari.

Mkwaju_Diani
Tumeamua alumini 48/3000 zote nane, regyuleta 800, na oringi 015 thelathini. Mwenzetu mmoja anatoka Marekani, anaweza kutubebea miwili kwenye begi?

Mzee_wa_Spana
Usalama wa viwanja vya kule hutaka mtungi uwe umetolewa vali (regyuleta) kabisa, waone ndani. Ndugu yako aulize shirika lake la ndege kabla. Regyuleta ifunguliwe na ifungwe na fundi, mkifika msiizungushe kwa koleo. Baada ya kufunga, mjaze bar 30 tu kwanza na mpake povu la sabuni shingoni. Likitulia dakika tano ndipo mpandishe presha.