Nimetoka Mwanza mpaka Lushoto KWENDA KULINDA MABEGI!!!

Wakuu, leo sisalimii mtu. Nimeshuka basi stendi ya Nyegezi hapa Mwanza alfajiri hii, miguu imevimba kama maboga, hata chai sijanywa, nimeingia humu moja kwa moja.

Mnamjua. Yule wa safari za "vivutio vilivyofichika". Miwani ya jua mpaka saa mbili usiku, kila akifungua mdomo "familia, familia". Nusu yenu humu mmeshamtumia hela, msijifanye watakatifu.

Alituahidi milima ya Usambara, kule Lushoto mkoani Tanga, ambayo watu hawaijui. Msitu wa Magamba wenye mbega. Maporomoko ya Soni. Mtae, kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima, ukichungulia unaiona nyika ya Mkomazi huko chini. Nikauza mbuzi. Narudia, nikauza MBUZI.

Siku ya pili, Irente, lile jabali la kutazamia bonde. Tumeshuka kwenye gari watu 15, mimi nimeinama nafunga kamba za viatu vipya. Jamaa akanigeukia, mbele ya kundi zima, mbele ya yule dada niliyekaa naye siti moja toka Shinyanga nikimnunulia karanga kila stendi:

"Ngosha, wewe mawe umeyazoea kwenu. Baki ulinde mabegi."

Watu wakacheka. Na dada wa karanga akacheka, tena yeye ndiye alichelewa kunyamaza.

LINDA MABEGI! Mimi baba wa watoto watatu! Wenzangu wako juu ya jabali wanaitazama Mazinde chini kama imemwagwa vibiriti, mimi niko barabarani na mabegi 14 na jogoo wa mtu. Saa tatu nzima. Simu ikalia ndani ya begi moja, nikapokea, mama akauliza "wewe nani?" Mdomo ukaniponyoka: "Mlinzi."

Soni tuliiona dirishani gari likiwa kwenye mwendo. Magamba mvua. Mtae "muda umetubana, familia". Basi hata hayo maua ya zambarau ambayo wazungu wanayafuga madirishani kwao, ambayo asili yake ni milima ile ile, sikuliona hata moja. Niliona zipu.

Eti ngosha, Msukuma wa Mwanza mji wa mawe, mawe nimeyazoea! Kwani wa Moshi akija Lushoto anaambiwa milima ameizoea abaki na mabegi?

Mods msiunganishe uzi huu na wowote.

Furu Mkavu: Pole mkuu. Tuanzie hapa kwanza: mabegi yalikuwa kamili?

Mleta uzi: Yalikuwa kamili. Hilo siyo suala.

Furu Mkavu: Basi kazi unaiweza. Desemba atakuita tena.

Jiwe Juu ya Jiwe: Mimi nipo kwa dada wa karanga. Namba ulichukua?

Mleta uzi: Nimeandika nina watoto watatu.

Jiwe Juu ya Jiwe: Na karanga ulinunua.

Shambaa Original: Mleta uzi hasira zako zisiichafue Lushoto. Sisi wenyewe tuna yetu. Kila mgeni anakimbilia Irente, picha mbili, kipande cha jibini, huyo anateremka Mombo. Mtae hafiki mtu, wanasema mbali. Kuna mmoja toka huko huko kwenu aliniuliza theluji iko upande gani. Theluji! Nikamwonyesha ukungu, akapiga picha akaondoka ameridhika.

Mkerewe wa Nansio: Nyie mnahangaika na Tanga, kisiwa cha Ukara hapo kuna jiwe la Nyaburebeka, jiwe linacheza mchana kweupe. Mleta uzi umeshafika?

Mleta uzi: Bado. Lakini hoja yangu ni mabegi.

Mkerewe wa Nansio: Aibu. Umekatiza mikoa sita kwenda kukalia begi, jiwe linalocheza liko ndani ya mkoa wako hujaliona. Jamaa kakuonea kusema umeyazoea mawe. Hujayazoea.

Furu Mkavu: 😂😂😂 mfungieni uzi huyu

Bi Mchembe: Ukara mbali, semeni kisiwa cha Saanane hapa Mwanza mjini. Hifadhi ya taifa tangu 2013, boti dakika chache tu unashuka. Wangapi humu mmefika bila kupelekwa na mwalimu?

Jiwe Juu ya Jiwe: Nilipelekwa na mwalimu. Tumbili akanipora chapati, mwalimu akanichapa mimi.

Shambaa Original: Huyo atakuwa ngedere. Tumbili ana adabu.

Jiwe Juu ya Jiwe: Ulikuwepo? Chapati ilikuwa yako?

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. "Linda mabegi." Mbele ya watu.

Bi Mchembe: Tumekusikia baba. Sasa nani bado anapeleka chapati Saanane? Sisi zamani tulibeba sato wa kukaanga, mzima, mkia unatokeza kwenye mfuko.

Furu Mkavu: Sato usimtaje. Jana nimeuliza bei, muuzaji akaniangalia viatu kwanza ndipo akajibu.

Bi Mchembe: Hahaha viatu gani?

Furu Mkavu: Vya kazini. Kosa langu. Nimerudi nyumbani na dagaa, mama watoto hajanisemesha mpaka sasa.

Mkerewe wa Nansio: Nenda mwalo wa Igombe asubuhi sana, vaa kandambili, beba ndoo yako.

Bi Mchembe: Saa ngapi hasa?

Mkerewe wa Nansio: Kabla ya saa moja. Ukichelewa unakuta magamba.

Mleta uzi: Jamani mabegi

Jiwe Juu ya Jiwe: Mkuu ukipita Igombe nichukulie sato wawili. Begi utapata kwangu.