Mliowahi kuwa Waziri Mkuu kwenye igizo la shule, tupeane uzoefu

MamaShangani: Jamani, habari za jioni. Binti yangu wa darasa la sita kaja na karatasi: kwenye mahafali ya la saba yeye ndiye Waziri Mkuu wa nchi inaitwa Mikoroshoni. Tangu jana hali, hasemi. Nikakumbuka na mimi nilivyowahi kuganda jukwaani kama nguzo. Mliopitia haya, nimsaidieje?

KoroshoGhafi: Usimsaidie. Ukubwa ni jalala, ajizoee mapema 😂

BintiRuangwa: Novemba 2015 jina la Majaliwa liliposomwa bungeni, shuleni kwetu walimu ndio walivimba, mwalimu mwenzao kaukwaa uwaziri mkuu. Igizo la mwaka ule lilikuwa na mawaziri wakuu watatu, mwananchi hakuna.

MmakondeWaJuu: Umenitonesha kidonda, dada. Mimi nilikuwa Waziri Mkuu huko Newala. Mnaoijua nyanda ya Makonde mnajua maji kule ni habari nyingine: unashuka bondeni na ndoo, kupanda ndiyo kilio. Basi mwalimu akatunga kwamba Mheshimiwa anakuja kuzindua bomba. Nimevaa koti la baba, mikono imemeza vidole. Nyuma ya pazia la kanga kuna jamaa na ndoo, kazi yake moja tu: nikifungua koki, amimine kwenye mpira.

Nikahutubia, nikafungua. Kimya. Nikafunga, nikafungua tena. Jamaa kanusa pilau la wageni, kaenda zake! Bibi mmoja akapaza sauti, "Kumbe hata Mikoroshoni hamna!" Uwanja ukalipuka. Hotuba yote imefutika kichwani, limebaki neno moja la redioni. Nikasema: "Ndugu wananchi, fedha zimeshatengwa."

Watu walilala chini kwa kicheko. Mgeni rasmi akawa anatazama viatu vyake. Nikajiona bingwa, mpaka nikamwona baba anainuka, anaondoka. Mwaka ule yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Usiku nikalitundika koti lake mlangoni, hakuuliza kitu. Hatukulizungumza mpaka tunamzika.

Nikishuka stendi hadi leo naitwa Fedha Zimetengwa.

NgongoLindi: Pole kaka. Hapo kwa mzee nimeweka tonge chini.

MzeeKatiba: Tuwekane sawa. Hiyo Mikoroshoni Rais wake yuko wapi? Kwetu Rais akishika madaraka ana siku 14 za kuteua Waziri Mkuu, naye awe mbunge wa jimbo, kisha Bunge limthibitishe. Nyie mnawafundisha watoto mtu anaibuka tu na koti.

KoroshoGhafi: Mzee wangu, Mikoroshoni ina katiba yake. Labda wana mfalme kama Uingereza.

MzeeKatiba: Mfalme wa mikorosho nani, popo?

KoroshoGhafi: Mabibo ya mikorosho anakula nani kama si yeye?

MzeeKatiba: Na wewe hiyo pombe ya mabibo, uraka, umeianza mapema leo.

MikindaniKwetu: Turudi kwa mtoto. Asiandike hotuba kiganjani. Kwa joto hili la Mtwara, jasho lilinifutia mpaka neno "Ndugu". Amtazame mama yake tu, maneno yatakuja.

NgongoLindi: Asimtazame mama kabisa! Wangu alianza kulia kwa furaha, nikalia na mimi, serikali ikaanguka.

BintiRuangwa: Mpe chai ya tangawizi.

MikindaniKwetu: Chai, halafu akiwa jukwaani haja imbane?

MamaShangani: Nimemsomea yote. Kaka Mmakonde, kacheka mpaka kaomba ugali. Sasa ananiambia uwaziri mkuu hautaki tena, anataka awe yule wa ndoo.