Mbunge kupatikana kwa bakuli, ni kweli?

Wakuu habari, hivi ni kweli uchaguzi wa 2017 wa bunge la chini la Virginia, Marekani, jimbo la 94 kule Newport News, mshindi alipatikana kwa kuchomoa jina kwenye bakuli?

Jibu: Kweli kabisa mkuu. Yancey wa Republican aliongoza kwa kura 10, zikahesabiwa upya Simonds wa Democrat akawa mbele kwa kura 1, kesho yake majaji wakaikubali karatasi moja yenye utata basi wakalingana 11,608 kwa 11,608. Januari 4, 2018 likatoka jina la Yancey, chama chake kikabaki na viti 51 kwa 49.

Jibu: Hiyo karatasi inaniuma mpaka leo, mpiga kura alijaza wote wawili halafu akamkata Simonds.

Jibu: 2019 wakarudiana, Simonds akamtoa.