Mbwa ananuka mdomo vibaya sana, tatizo nini na tiba yake ipi?

mzee_wa_goba
Habari zenu wakuu. Nina mbwa dume chotara wa German Shepherd, ana miaka kama sita hivi, mlinzi mzuri na watoto wanampenda kupita maelezo, sasa siku hizi mdomo wake unatoa harufu kali mno, yaani akikuhemea tu lazima ugeuze uso, ni kama nyama iliyooza. Anakula ugali wa dona na dagaa, siku nyingine vichwa vya samaki au mapupu ya buchani. Jirani alisema ni minyoo, nikampa dawa ya minyoo lakini harufu iko palepale. Jana nikamwona anatafuna upande mmoja halafu akaacha chakula katikati, hapo ndo nimepata wasiwasi. Naombeni msaada, sitaki ateseke.

chuma_cha_pua
Mkuu chukua dawa ya meno hiyohiyo mnayotumia nyumbani na mswaki wa zamani, mpige kila asubuhi. Au msukutue na maji ya chumvi na ndimu, hiyo kitu inakata harufu fasta.

bwanamifugo_mstaafu
Hapana jamani, dawa ya meno ya binadamu msimpe mbwa. Mbwa hajui kutema, anameza yote, floraidi inamvuruga tumbo na kuna nyingine zimetiwa zailitoli, ile ya kuleta utamu bila sukari, hiyo kwa mbwa ni sumu kabisa, inashusha sukari ya damu ghafla na inaweza kuua ini. Ndimu na chumvi kwenye fizi yenye kidonda ni kumtesa tu, kesho hatakubali hata umguse pua.

Mzee wa Goba, harufu mara nyingi inatoka kwenye meno yenyewe. Mabaki ya chakula na bakteria wanafanya utando kwenye jino, utando usipotolewa ndani ya siku chache unashika kuwa ugaga mgumu, ugaga unasukuma fizi, fizi inavimba na kuachia nafasi, humo ndani panajaa uozo na usaha mpaka jino linalegea. Chakula laini kama ugali kinachangia maana hakisugui jino, na dagaa wana harufu yao lakini hiyo inapita baada ya muda, haikai siku nzima. Minyoo mara nyingi haihusiki.

Fanya hivi, akiwa ametulia inua mdomo wa juu pembeni, nenda nyuma kabisa kwenye magego maana huko ndo kunaharibika kwanza, meno ya mbele yanaweza kuwa meupe ukadhani yuko salama. Angalia rangi ya jino, fizi kama ni nyekundu kwenye mpaka wa jino, jino lililovunjika, na juu kwenye kaakaa kama kuna mfupa au kijiti kimekwama. Angalia na chini ya jicho kama pamevimba, gego kubwa la juu likioza usaha unatokea hapo, watu wengi wanatibu jicho kumbe ni jino.

Ila sikiliza, kama anadondosha udenda sana, taya limelegea, sauti imebadilika au tabia siyo yake, USIINGIZE MKONO mdomoni. Kichaa cha mbwa kinaweza kuonekana hivyohivyo, kama mfupa umemkwama kooni. Chanjo yake ya kila mwaka iko sawa?

mama_simba_moshi
Naongezea kidogo, siyo kila harufu ni meno. Wa kwangu alikuwa ananuka kama mkojo, ule ukali wa amonia, anakunywa maji ndoo nzima na anakonda huku meno hayana shida kubwa. Damu ilipopimwa ikaonekana ni figo. Kwa hiyo mkuu angalia na maji anayokunywa. Na harufu tamutamu kama tunda lililoiva sana inaweza kuwa kisukari, hiyo usisubiri kesho.

mzee_wa_goba
Asanteni sana. Chanjo ya kichaa iko sawa, cheti ninacho. Maji anakunywa kawaida. Nimemwangalia, mbele meupe lakini magego ya nyuma yana ugaga mgumu wa kahawia, fizi nyekundu, na gego la juu kushoto limepasuka, nikigusa shavu anarudisha kichwa. Mifupa ya ng'ombe huwa anapewa sana, inaweza kuwa ndo sababu? Na ugaga siwezi kuukwangua mwenyewe?

bwanamifugo_mstaafu
Inaweza kabisa, mfupa mgumu wa paja na kwato vinapasua meno, na wa kupikwa unavunjika vipande vyenye ncha vinachoma utumbo. Kukwangua usijaribu, utatoa wa juu tu na ule wenye madhara uko chini ya fizi. Kazi hiyo inafanywa kwa nusu kaputi, wanasafisha mpaka chini ya fizi na gego hilo huenda likang'olewa. Uliza kama watapima damu kwanza, kwa umri wake ni muhimu, na uliza bei kabla hujampeleka.

Akishapona ndo uanze mswaki, mswaki laini na dawa ya meno ya mbwa, ikikosekana kitambaa safi chenye maji kimezungushwa kidoleni, sugua upande wa nje wa jino taratibu kila siku, ulimi unasafisha wa ndani.

mama_simba_moshi
Kwa sasa mpe ugali mlaini wa uvuguvugu na mchuzi usio na kitunguu, atakula vizuri zaidi.

mzee_wa_goba
Nampeleka kesho asubuhi. Usiku huu nimpe Panadol ya maumivu?

bwanamifugo_mstaafu
Usimpe. Panadol, brufeni, diklofenaki, zote hizo weka mbali, zinaharibu ini, figo na tumbo la mbwa, dawa ya maumivu atapewa na daktari kwa uzito wake. Mpigie daktari leo umuulize kama alale bila chakula, maji tu, maana wakiamua nusu kaputi kesho hiyohiyo tumbo linatakiwa liwe tupu.